Kile kitabu cha pili usiagize kwanza

Shoga yangu Rehema,

Meseji yako nimeisoma jana usiku nikaona hili haliwezi kujibika kwa mistari miwili, ndo maana nakuandikia kabisa. Unasema binamu yako wa Houston anakuja na kakuuliza akuletee nini, na kwa vile kitabu kikubwa cha ile dayati ya kupunguza wanga unacho tayari unataka akubebee na mwenzake, kile kidogo cha kutia kwenye pochi chenye orodha ya vyakula. Mama mdogo anacho, nimekiazima nikakaa nacho wikiendi nzima kwa ajili yako, na nakuambia kutoka moyoni, pesa ile usiitoe.

Sio kwamba kitabu ni kibaya, hapana. Dayati za namna hii zina historia ndefu, Daktari Atkins wa Marekani alitoa kitabu chake cha kwanza 1972 na wengine wakafuata kila mtu na mtindo wake, na yote unayotakiwa kuelewa, kwa nini wanga unapandisha sukari, uanze vipi, urudishe nini baadae, yamo kwenye kile kikubwa ulichonacho. Hiki kidogo kazi yake ni majedwali tu. Kimeandikwa kwa mtu aliyesimama supamaketi ya Marekani na toroli lake, mbele yake mikate ya kila aina na mtindi wa kila kampuni, anataka kujua achukue upi. Huyo kinamsaidia kweli, yaani binamu yako mwenyewe akikinunua akae nacho kule sina neno.

Sasa wewe uko Mwanza. Nimetafuta humo vitu ninavyojua unakula, nikaanza na dona, hamna, dagaa hamna, matembele hamna, makande ndo kabisa, halafu kurasa na kurasa za pizza na siriali za kwenye maboksi. Hata vile vilivyomo vimepimwa kwa kikombe na aunsi, na kikombe chao ni kama mililita 240, sasa kikombe cha wali uliopikwa kina wanga kama gramu 45, ila nani kwetu anapakua wali kwa kikombe? Sahani yetu ya wali ya mchana inaweza kubeba vikombe viwili na zaidi bila mtu kushtuka. Kitabu hakikudanganyi, ila hakijui sahani yako, na wewe unachotaka kujua ni hicho hicho, sahani yako ina nini.

Kuna kingine kimenikera zaidi. Tikiti maji wameliweka upande wa vyakula vya kuogopa, kisa lina glaisemiki indeksi ya juu. Hicho kipimo walikianzisha kina David Jenkins kule Toronto 1981, na kinavyofanya kazi ni hivi, unapewa chakula chenye wanga gramu 50 halafu wanaangalia sukari kwenye damu inapanda kiasi gani. Tikiti kwa sehemu kubwa ni maji, kwenye gramu mia unapata wanga saba au nane hivi, kwa hiyo ili ufikishe hizo 50 inabidi ule zaidi ya nusu kilo ya nyama yake peke yako. Vipande viwili vya baada ya chakula wala si adui. Ila mtu akishika orodha yenye neno moja tu, zuri au baya, ataacha tikiti na kesho utamkuta na chapati mbili za mafuta anajiona yuko salama, na hilo ndo linaniogopesha na hivi vitabu.

Halafu shoga, kitu chenyewe kipo bure na ni cha kwetu! Mwaka 2008 Chuo cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzao wa Harvard walitoa majedwali ya vyakula vya Tanzania, yapo kwenye intaneti kwa PDF, kila chakula kimeandikwa kwa gramu mia. Wakenya nao wanayo ya kwao ya 2018, waliyatoa na FAO, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Ni ya Kiingereza na manamba ni mengi, lakini wewe huhitaji yote, tutachagua vile ishirini unavyokula kila wiki tunaandika kwenye daftari, mimi ntakusaidia kwenye simu, Jumapili moja inatosha.

Kwa hiyo binamu mwambie akuletee mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali, na kama nafasi ipo stripu za kile kimashine chako cha kupimia sukari, umpigie picha boksi lake kwanza maana stripu za kampuni nyingine hazitaingia. Ukipima ugali wako mara chache tu jicho linazoea, na ukipima sukari masaa mawili baada ya kula utajua mwili wako unasemaje juu ya ndizi za kupika na viazi vitamu, hilo hakuna kitabu kitakwambia. Na wewe una nafasi nzuri bado, ile sukari yako ya 6.4 ya asubuhi kabla ya kula ni ya mpakani, ikifika 7 ndo wanaita kisukari, nataka sana tuirudishe chini wewe na mimi.

Ila mama usimtie kwenye hii dayati. Najua mnapika chungu kimoja na ni rahisi kusema wote tuache ugali, lakini yeye anameza glibenclamide, vile vidonge vya kisukari, na hiyo dawa inashusha sukari hata kama mtu hajala wanga wa kutosha, anaweza kuanza kutetemeka na kutoka jasho usiku ukadhani malaria. Aongee na daktari wake kwanza ndo mbadilishe chochote, naomba sana hilo usilipuuze.

Niambie binamu anasafiri lini ili nikutumie aina ya mizani, nimeona moja inayopima mpaka kilo tano na inakaa kwenye begi vizuri. Na ile PDF naituma leo hii hii kwa Wasap.

Shoga yako,
Mwana