Ukienda Uzi, uliza kwanza saa ya kurudi

Igombe, Mwanza
22 Agosti 2019

Mpendwa Nyanzala,

Habari za Geita? Watoto hawajambo? Sisi tulirudi juzi salama, ila mama magoti bado yanamsumbua, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Shemeji kaniambia tiketi mmeshakata na mtakuwa Unguja kuanzia tarehe 30. Najua hamtakosa kwenda kisiwani Uzi kwa wale ndugu zenu.

Tangu MV Nyerere ilipozama pale Ukara Septemba mwaka jana, mama hataki kusikia habari za vyombo vya majini. Nilimbembeleza kwa kumwambia kwamba Uzi kunaendewa kwa miguu kutoka Unguja Ukuu, ipo njia ya mawe katikati ya mikoko. Akafurahi, nami nikafurahi.

Jumamosi tarehe 17 tulivuka saa nne asubuhi. Pakavu kabisa, kaa wadogo wanakimbilia mashimoni, Neema anawafukuza. Tukala, tukazungumza, tukaaga saa nane. Kufika kwenye njia, maji yako kwenye vifundo vya miguu. Nikayaona kama maji ya mwaloni kwetu. Wewe na mimi tumekulia hapa Igombe: mstari wa maji tuliouacha asubuhi, jioni tunaukuta palepale, na ziwa likipanda linapanda kwa mvua za miezi. Halafu gari moja likatupita, likavuka. Basi nikamshika mama mkono, Neema nikambeba, tukaingia.

Hatukufika mbali. Maji yalikuwa magotini, na hayakuja kwa mbele kama wimbi. Yalitokea ubavuni, mikokoni, kimyakimya, yanasukuma miguu. Ukingo wa njia sikuuona tena. Mama akakanyaga jiwe lenye utelezi, akaanguka kwa magoti, nami nilikuwa na mkono mmoja tu wa kumwinulia. Nyanzala, niliogopa kama sijawahi kuogopa ziwani, hata siku za dhoruba.

Mzee mmoja aliyekuwa akifunga mtumbwi wake akatupigia kelele turudi. Alikuja hadi majini akamshika mama. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Asubuhi mlimuuliza nani saa ya kurudi?" Hatukuwa tumemuuliza mtu.

Akanieleza taratibu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku, na kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na ushei. Kila siku inachelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo saa ya jana si ya leo. Mwanzoni yanapanda polepole, lakini saa ya tatu na ya nne yanakimbia, nasi tuliingia hapohapo. Isitoshe mwezi ulikuwa umepevuka tarehe 15, lilikuwa bamvua, maji yanapwa mbali na kujaa juu sana, zaidi ya mita tatu. Mwezi ukiwa nusu ndipo yanapokuja maji mafu, yenye nafuu.

Sasa hesabu na wewe. Mwisho wa mwezi huu mwezi unaandama, kwa hiyo mtakuta bamvua jingine. Siku hizo maji hupwa saa nne, saa tano asubuhi, na saa kumi jioni yameshajaa. Lakini usishike saa zangu, waulize wenyeji siku hiyohiyo. Vukeni maji yakiwa bado yanapwa, na mkiwa huko msingoje chakula cha mchana kiive. Ukikuta maji yamefunika mawe, usiingie hata kama gari limepita.

Mkichelewa, kaeni. Kwenye kivuko ukikosa pantoni hii unangoja nyingine na humlaumu mtu. Huko unangoja maji yapwe, yanachukua saa kadhaa. Sisi tulikaa kwa yule mzee, mkewe akatupikia wali na pweza, mama aliyekuwa akitetemeka akalala mkekani kama yuko kwake. Saa tatu usiku wakatuvusha kwa tochi, mzee mbele.

Watoto wavae yeboyebo zenye kamba kisiginoni, mawe yanakata. Simu zifunge kwenye mfuko wa nailoni.

Barua hii mpe na shemeji aisome, maana ndiye mwenye haraka. Na mkifika Unguja Ukuu, kabla hamjavuka, nipigie. Mama atakuwa pembeni yangu anasubiri.

Wako,
Leticia