Vihisi vya nyufa za ndege navyo vikaguliwe

Mhariri,

Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines iliyokuwa ikitoka mji wa Hilo kwenda Honolulu, visiwani Hawaii, Marekani, ilichanika paa ikiwa futi 24,000 angani, na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Ilikuwa imesharuka mara 89,680. Gundi ya maungio ya bati iliachia, unyevu ukapenya, kutu ikaingia, mzigo ukabaki kwa ribiti, yaani misumari inayoshikanisha mabati, peke yake. Nyufa ndogo zikaanza kwenye matundu ya ribiti hadi zikakutana, na ukaguzi haukuzinasa.

Ndiyo maana tunaunga mkono vihisi vinavyobandikwa moja kwa moja kwenye mwili wa ndege. Wazo lake linafanana na maumbile ya buibui: gamba la miguu yake lina mipasuko midogo ambayo hubanwa gamba linapopindika, na neva hupokea taarifa papo hapo. Mingi imesongamana karibu na viungo, mzigo unapozidi. Kwenye ndege pia, kihisi kikae kwenye maungio na matundu ya ribiti. Kukisambaza kila mahali ni kuongeza nyaya na uzito bure.

Kipo kimoja ambacho fundi yeyote ataelewa. Ni kiraka chembamba chenye vijia sambamba, kimoja kina ombwe, yaani kimeondolewa hewa, na cha jirani kina hewa ya kawaida. Ufa ukipita chini yake, hewa huvujia kwenye ombwe na kipimo kinaonyesha. Uso wa bati usafishwe mafuta na vumbi kabisa, kiraka kibandikwe kwa kukingama njia ya ufa unaotarajiwa, hewa yote iliyonaswa chini yake ikamuliwe. Kikibandikwa vibaya, huvuja na kumtafutisha fundi ufa usiokuwepo. Hatari kubwa zaidi ni kijia kuziba kwa maji au uchafu: ombwe linatulia, kipimo kinasema salama, na ufa ulio mbele ya kizibo unaendelea kukua. Kwa hiyo kila usomaji utanguliwe na jaribio la kupitisha hewa kutoka mwanzo wa kijia hadi mwisho. Na ufa ulio nje ya kiraka, hata kwa sentimita moja, hakiuoni.

Boeing 787, ambazo Air Tanzania na Kenya Airways wanazo, takriban nusu ya uzito wa muundo wake ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Spana ikiidondokea huenda isiache hata alama, kumbe ndani matabaka yameachana. Kwa muundo kama huo hufaa visahani vya piezo, yaani vinavyogeuza umeme kuwa mtetemo na mtetemo kuwa umeme, vinavyotuma mawimbi ndani ya paneli na kuyalinganisha na rekodi ya awali. Hapo joto ndilo linaloponza wengi: paneli iliyopigwa na jua la mchana hupitisha mawimbi kwa kasi tofauti na ya alfajiri, na mfumo usiosahihisha joto utapiga kengele bila sababu. Rekodi hiyo ikichukuliwa paneli ikiwa tayari imeumia, jeraha litahesabiwa kuwa ndiyo afya yake.

Kampuni itakayonunua mifumo hii idai katika mkataba rekodi za awali za viwango mbalimbali vya joto, zibaki mikononi mwake, na mafundi wake wafunzwe kukagua kihisi chenyewe. Mpaka uthabiti wake uthibitishwe kwa kila sehemu na mamlaka ya usafiri wa anga iidhinishe, tochi, kioo na ratiba ya ukaguzi visipunguzwe hata kidogo.

Mafundi wa matengenezo ya ndege,
Dar es Salaam