Insha ya dakika 40

Leicester, Uingereza

Mdogo wangu,

Marahaba. Picha za insha yako zimefika na nimeisoma mara mbili. Kiingereza si kibaya. Ubaya ni kwamba swali hukulijibu.

Uliulizwa kama nchi ziache kuuza nje mazao ghafi na kuyasindika kwanza, nawe unakubali kwa kiasi gani. Ukamwaga kila unachokijua kuhusu korosho: ubwiriunga (ule ugonjwa wa mikorosho), salfa (dawa yake), mnada, stakabadhi ghalani (risiti ya mazao yaliyowekwa ghalani). Mtu wa Masasi akiguswa kwenye korosho hanyamazi, najua. Lakini msahihishaji wa IELTS, huo mtihani wako wa Kiingereza, anapima mambo manne kwa uzito sawa: umelijibu swali, hoja zimeshikana, msamiati, sarufi. Hiyo robo ya kwanza umeijeruhi mwenyewe.

Aya moja, hoja moja, na uivute hadi mwisho wake. Korosho ikibanguliwa Masasi, ujira wa kubangua unabaki Masasi. Hata maganda yana mafuta yanayotumika kutengenezea breki za magari. Aya inayofuata igeukie upande wa pili: mavuno huja miezi michache, kiwanda kinataka mzigo mwaka mzima, kwa hiyo mwenye kiwanda lazima awe na mtaji wa kununua shehena kubwa kwa mkupuo na ghala la kuitunzia. Salfa haina kazi hapo. Msimamo wako uuseme tangu utangulizi. Hii si hadithi ya bibi ya kuficha mwisho.

Ule mwanzo wa "katika dunia ya leo ya sayansi na teknolojia" ufute kabisa. Sentensi za kukariri msahihishaji anazitambua upesi, na hazikupi alama.

Muda wa sehemu ya kuandika: saa 1 kwa kazi mbili. Ya kwanza inataka maneno yasiyopungua 150, ya pili, ambayo ndiyo insha hii, 250, nayo ina uzito maradufu. Hakuna atakayekugongea kengele katikati, kwa hiyo jigawie mwenyewe dakika 20 na 40. Katika 40, tumia 5 kupanga, 30 kuandika, 5 kupitia. Lenga maneno 270: utangulizi 40, aya mbili za 95, hitimisho 40. Kwenye kompyuta idadi utaiona kwenye skrini. Kwa mkono, hesabu leo maneno ya mistari 10 yako, ugawe kwa 10. Siku ya mtihani utahesabu mistari tu.

Zile dakika 5 za mwisho winda makosa yetu Waswahili. Sisi "yeye" inatutosha, ndiyo maana mama kwako amekuwa "he" mara tatu. "The" hatunayo, basi unaiacha au unaimwaga kila mahali. Na kwa kuwa tunasema vifaa na mashauri, mkono unaandika "equipments" na "advices". Maneno hayo hayachukui "s" ya wingi. Kinachoichukua "s" ni kitenzi cha wakati uliopo, mtendaji akiwa mmoja asiye mimi wala wewe: "the farmer sells". Umeisahau mara saba, nimezipigia mstari.

Liandike upya swali hilohilo, saa ikiwa mezani, unitumie Jumamosi. Piga picha mchana karibu na dirisha. Ukurasa wa pili nusu nzima ilikuwa kivuli cha mkono wako.

Mpe mama shikamoo yangu, na bibi pia.

Kaka yako