Barua kwa mwanangu: ile namba tatu irudishe

Mwanangu, nakuandikia manake kwa simu tutagombana tena na bibi yako atasikia. Jana usiku umeniambia ile shughuli ya Juni 2024, ya kupinga mswada wa fedha, uliyokuwa umeiweka namba tatu, umeitoa kwa Common App, ile fomu ya kuomba nafasi chuoni, ati kwa sababu yule mshauri tuliyemlipa amesema vyuo vikubwa vya Marekani havitaki mtoto wa fujo. Na mimi nikakujibu haraka haraka nikasema sawa, itoe. Haki sikulala. Naomba uirudishe.

Unajua vile niliogopa. Ile Jumanne ya tarehe 25 bunge lilipovamiwa simu yako ilizima kutoka saa saba mchana mpaka saa mbili usiku, na uliporudi ukaingia moja kwa moja kuoga hukusema kitu. Asubuhi nikachukua ile leso yangu uliyokuwa umejifunga nikaitumbukiza kwa beseni, macho yakaanza kuwasha, nikalia pale bafuni na mpaka leo sijui ilikuwa ni gesi ama ni mimi mwenyewe. Kuna wamama watoto wao hawakurudi siku ile. Kwa hivyo usidhani nataka uandike ndio tuonekane.

Lakini wewe hukuanza tarehe 25. Ulianza pale mezani na lile daftari la hesabu, ukitafsiri mswada wa fedha kipengele kwa kipengele, mkate asilimia 16, mafuta ya kupikia 25, gari asilimia 2.5 ya bei yake kila mwaka, halafu Jumamosi ukaenda soko la Kangemi ukawasomea wamama, na yule wa mandazi akakuuliza sasa mimi nitauza ngapi, mkakaa chini mkapiga hesabu pamoja kwa karatasi yake ya kufungia. Hiyo ndio shughuli. Fomu inakupa herufi 150 za kuieleza, hata SMS zetu za zamani zilikuwa na 160, sasa ukiandika ati nilipigania haki za Wakenya nafasi imekwisha na anayesoma hajaona kitu. Andika daftari, andika soko, andika uliwasomea watu wangapi, idadi ya kweli, usiongeze hata mmoja. Anayesoma anaweza kuwa hapendi maandamano kabisa, lakini msichana wa miaka 16 anayepiga hesabu ya ushuru na muuza mandazi atamwelewa.

Na huyo mshauri anachanganya mambo. Mwaka 2018, baada ya wanafunzi kupigwa risasi shuleni kule Parkland, Florida, na wenzao kote Marekani kutoka madarasani kuandamana, vyuo vya MIT na Yale vilitangaza wazi kwamba aliyeadhibiwa na shule yake kwa kuandamana kwa amani hatakosa nafasi kwa sababu hiyo. Wale kama kumi walionyang'anywa nafasi chuo cha Harvard 2017 walikuwa wametumiana picha za matusi na ubaguzi kwa grupu ya Facebook. Ndio maana mimi kinachonisumbua ni ile posti yako ya kumtukana mbunge pamoja na kabila lake. Hapo ulikosea mamangu, na ungekuwa umekosea hata kama hakuna fomu.

Kuna na ubalozi, hao ni wengine kabisa na hapo ndipo naogopa kweli. Fomu ya viza inauliza akaunti zako za mitandao za miaka 5 iliyopita, na tangu Juni 2025 wanaoomba viza ya masomo wanaambiwa waziache wazi zisomwe. Sasa ukifiche chuo hiyo shughuli, halafu hao wafungue TikTok wakukute sokoni na daftari mkononi? Zitaje zote, usiruke hata moja.

Wanaweza kukukataa, sikufichi. Hivyo vyuo vinachukua watu chini ya 5 kwa kila 100, na huwezi jua ni mstari gani uliokukosesha. Lakini ukiingia na hiyo namba tatu imefutwa, wamemchukua mtoto mwingine, mimi simjui.

Lile daftari liko kwa droo yangu, kesho nakupigia picha zile kurasa uhesabu vizuri. Nitumie huo mstari leo kabla hujalala, niko macho.

Mamako