Moto wa Juni na moto wa Oktoba

Liwale

Eliamani ndugu yangu,

Habari za Moshi na za nyumbani kwa jumla? Sisi huku wazima, ila vumbi limeshaanza.

Ujumbe wako nimeusoma, nikakusikia kabisa unavyofoka. Ninyi huko mlima Kilimanjaro mnakesha kuzima moto, halafu unaambiwa kwamba huku mimi, mtu wa misitu, nazunguka na kiberiti pamoja na vijana wa kamati ya kijiji tukiwasha pori. Ni kweli, nawasha. Lakini kwenu nisingethubutu, na hilo ndilo nataka tuelewane.

Kwenu una haki. Moto wa Oktoba 2020, ule ulioanzia karibu na Whona kwenye njia ya Marangu, uliteketeza kama kilometa za mraba 95. Wageni wakiuzungumzia mlima wenu huililia theluji. Lakini Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba kwa upande wa maji, moto umewaumiza kuliko kuyeyuka kwa barafu. Ile miti ya juu kabisa hunasa ukungu, matone yakadondoka na kuzama ardhini. Ikiungua, panabaki vichaka vifupi ambavyo havinasi kitu cha maana. Kwa hiyo huko katazo liwe kali, na wapagazi wapewe namna ya kupasha chakula bila kuwasha kuni. Hapo sibishani na mtu.

Miombo, hili pori letu la miti na nyasi, ni habari nyingine. Hapa nyasi huota kila masika na kukauka kila mwaka, na mwenye kuziwasha hakosekani: mrina asali, mwindaji, mkulima anayesafisha shamba. Ukizuia moto miaka mitatu umelimbikiza kuni tu. Swali letu ni pori litaungua mwezi gani.

Na jibu halikutoka ofisini. Mwaka 1933 watu wa misitu kule Ndola, Zambia ya leo, walikata vitalu vya miombo: kimoja wakakichoma kila mwaka mapema, kingine kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kingine wakakikinga na moto kabisa. Wakaendelea hivyo miaka nenda rudi, hata matokeo yakaja kuchapishwa mwaka 1959. Kilichochomwa mwishoni kiligeuka mbuga ya nyasi yenye miti michache sugu. Kilichochomwa mapema kilibaki msitu. Unajua kwa nini? Miombo huchipua majani mapya Septemba na Oktoba, kabla mvua haijanyesha. Moto wa wakati huo unakuta nyasi kavu kabisa, upepo, na machipukizi laini. Wa Juni unakuta nyasi zina unyevu bado. Unatambaa chini, unaruka sehemu nyingine, na usiku umande unaumaliza. Moto wa Oktoba unapofika kwenye vipande hivyo vilivyokwisha kuungua, hauna cha kula.

Najua utasema hayo ni ya Zambia na ya zamani. Basi tazama hifadhi ya wanyama ya Kruger, Afrika Kusini, maana kule ndiko sera ilikopigwa mweleka na vipimo. Kuanzia 1957 walichoma kwa ratiba, kila eneo kila baada ya miaka mitatu. Mwaka 1992 wakageuka: moto wa radi uachwe, wa binadamu uzimwe. Kwenye karatasi ni wazo zuri sana. Ila binadamu hakuacha kuwasha, na sehemu kubwa ya hifadhi ikaendelea kuungua kwa moto wake. Septemba 2001 moto mmoja uliua watu zaidi ya 20, wengi wao wakata nyasi za kuezekea. Mwaka uliofuata sera ikabadilishwa tena.

Wakati huo wote, vitalu vya majaribio vilivyoanzishwa mwaka 1954 vilikuwa vinaendelea kuchomwa na kupimwa, sera ije sera iende. Mwaka 2004 mtafiti wa moto Brian van Wilgen na wenzake walipolinganisha kumbukumbu za moto wa hifadhi nzima kwa miongo yote hiyo, wakakuta kwamba ukubwa wa eneo linaloungua hufuata mvua na nyasi iliyoota, hata sera iwe ipi. Kinachoweza kubadilishwa na mtu ni msimu wa moto, ukali wake, na kama pori litaungua kwa viraka au lote kwa mkupuo. Mimi naona hilo ni jambo zito sana kwa serikali yoyote kuambiwa: hekta huwezi kuziamuru, mwezi unaweza.

Sasa nikupe kero yangu. Sheria ya Misitu ya 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma. Sawa, sipingi. Lakini utafiti umetupa wiki chache tu, Mei na Juni. Kibali kikichelewa, nyasi zimekauka na ule moto mwema umegeuka moto kichaa. Halafu mwaka wa fedha huanza Julai. Yaani kazi inatakiwa ifanyike mwisho wa mwaka, sanduku likiwa tupu, na hela za mafuta na posho za vijana zinaingia wakati wa kuchoma umeshapita. Mtafiti aliyepima ukali wa miali hakuulizwa kalenda ya hazina, na wa hazina hakuulizwa nyasi hukauka lini. Ningekuwa na sauti, ningeomba kitu kimoja tu, fedha za uchomaji wa mapema zitengwe tangu Julai na zikae zikingoja Mei.

Nina ombi kwako. Huko kwenu mwezi mbaya zaidi ni upi, na doria za moto zinaanza lini, kabla au baada ya msimu wa watalii kupamba? Ulizia wazee wa vijiji vya juu uniandikie. Na usimwambie mama kuhusu kiberiti, atanipigia simu.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako,
Hamisi