Malkia Wako Hakuwa Mbovu, Alinyimwa Baridi

Kila mwaka ikifika katikati ya Machi ujumbe unaotufikia sisi wauza sisimizi wa kufugwa ni ule ule: "Mliniuzia malkia mbovu. Hatagi." Picha inayofuata inamwonyesha malkia wa sisimizi mweusi wa bustani, Lasius niger, amejibanza konani, tumbo limesinyaa, na wafanyakazi wachache wanazurura bila kazi. Hatuanzi kwa kuuliza anakula nini. Tunauliza: Desemba alikuwa wapi? Karibu kila mara jibu ni kwamba alikuwa sebuleni, juu ya kabati lililo karibu na hita, kwa kuwa watoto walimwonea huruma na baridi.

Huruma hiyo tunaielewa. Wengi wanaotuandikia kwa Kiswahili ni wazazi waliokulia Mombasa, Tanga au Bujumbura, ambako sisimizi hupanga foleni kuelekea kopo la sukari mwaka mzima. Sasa mtoto aliyezaliwa Ujerumani anataka kumfuga sisimizi wa Ujerumani, na huyu ana saa yake mwilini. Majira ya vuli yakiisha malkia huacha kutaga hata ukimwekea joto la nyuzi 25, na mabuu husimama kukua. Wafanyakazi wakibaki kwenye joto huendelea kuhangaika, wanakula akiba yao na kuzeeka, na hakuna wa kujaza nafasi zao. Kundi la sisimizi 15 haliwezi kubeba hasara hiyo. Mwaka wa kwanza unaweza kupita salama, na hapo ndipo watu hudanganyika wakadhani baridi ni masharti ya duka tu. Wa pili mayai yanapungua, na wa tatu tunaandikiwa ule ujumbe wa Machi.

Mnyama mwenyewe ni wa kuishi miaka mingi. Malkia mmoja wa Lasius niger aliyefugwa alifikisha zaidi ya miaka 28. Huruka na kujamiiana siku moja tu maishani, kati ya Juni na Agosti, kisha huhifadhi mbegu za kiume mwilini na kuzitumia hadi anakufa. Tena sisimizi hawa si kama nyuki wa asali, ambao malkia akifa huweza kulea mwingine kutoka kwenye buu la kawaida. Malkia wa kundi lako akifa, wafanyakazi watapukutika mmoja mmoja kwa mwaka mmoja au miwili, na kundi litakuwa limekwisha.

Kumpumzisha kwenye baridi hakuna gharama. Mwanzoni mwa Oktoba punguza wadudu unaowalisha, lakini maji ya sukari endelea kuwapa mpaka wenyewe wayaache. Mwishoni mwa mwezi wahamishie mahali penye nyuzi 15 hivi, ghala la chini au ngazi za jengo, wakae wiki mbili. Kisha waingie kwenye nyuzi 5 hadi 8, tangu Novemba hadi mwanzo wa Machi. Friji ya kawaida inatosha: neli wanamoishi, kile kibomba cha kioo chenye maji na pamba, izungushie kitambaa, iweke kwenye kisanduku chenye matundu, rafu ya chini mbali na ukuta wa nyuma unaoganda. Ukifungua mlango wa friji kuchukua maziwa, hewa wanayohitaji wanaipata. Kinachowaua ndani ya friji ni ukame, si baridi, kwa hiyo kila wiki mbili tazama kama pamba bado ina maji. Balkoni usijaribu. Maji ya neli yakiganda kioo hupasuka, na tumepokea neli za namna hiyo zikiwa na malkia ndani, amelowa na amekufa. Machi warudishe hatua kwa hatua, nyuzi 12 hadi 15 kwa wiki moja, halafu chumbani. Waanzishie maji ya sukari, wadudu wafuate siku chache baadaye.

Wenye Messor barbarus, wale wavuna mbegu wa Uhispania, Ureno na Moroko, wasifuate vipimo hivyo. Hao hutosheka na nyuzi 10 hadi 15 kwa miezi miwili au mitatu, mbegu zao zikiwa pembeni.

Lalamiko la pili ni kwamba tunakataa kuuza kiota kikubwa. Mtu ana wafanyakazi 10, anataka kiota cha vyumba 12 "ili nisinunue mara mbili." Atanunua mara mbili hakika. Kundi dogo likipewa nyumba kubwa hukaa chumba kimoja na kugeuza vingine jalala. Mabaki ya wadudu yanaota ukungu, unyevu haukai mahali pamoja, na wewe huwezi kusafisha bila kuvunja. Waache kwenye neli mpaka wafike 20 au 30. Wakati wa kuhama, unganisha neli na kiota kwa bomba, kiota kifunikwe kiwe giza, neli iondolewe kifuniko iwe na mwanga, kisha ngoja. Siku mbili, au wiki tatu, wao ndio wanaoamua. Wasio na subira huimulika neli kwa taa ya joto au kuwakung'utia ndani. Mayai na mabuu humwagika, na malkia aliyetishwa mara nyingi huyala yaliyobaki.

Sasa bei. "Mnauza malkia kwa pesa wakati Julai wanatembea barabarani bure." Ni kweli, na hatuoni haya kukueleza namna ya kumwokota. Subiri alasiri yenye joto na unyevu, chagua aliyekwisha kuvua mabawa. Chukua neli ya upana wa milimita 16 na urefu wa 150, theluthi moja maji, sukuma pamba mpaka ilowe bila kuvuja, mtie malkia, ziba mdomo kwa pamba kavu. Giza, nyuzi 24 hadi 26, na usimpe chakula: anayeyusha misuli ya mabawa asiyoihitaji tena na kuwalisha watoto wa kwanza. Wafanyakazi huonekana baada ya wiki sita hadi nane. Mchungulie mara moja kwa wiki. Kila unapomshtua unamkaribisha kula mayai yake.

Lakini katika hao wa bure yumo ambaye hakupandwa, na mayai yake yatatoa madume matupu. Yumo mwenye kimelea tumboni, yumo mwenye utitiri. Bei yetu ni ya malkia aliyevuka majira ya baridi kwenye friji yetu pamoja na wafanyakazi wake, akakaguliwa kwa lenzi, akataga tena. Waliokufa njiani nao walilishwa na kutunzwa, na gharama yao imo kwenye bei hiyo. Wengine huongeza kundi kwa kuokota wafanyakazi bustanini. Hao ni wa kundi jingine, harufu yao ni ya adui, na anayeshambuliwa kwanza anaweza kuwa malkia.

Kwa chakula, sisimizi 20 wanatosheka na nzi wa matunda wawili, mara mbili kwa wiki, na tone la sukari iliyochanganywa na maji mara tatu yake. Mdudu wa nje mchovye kwenye maji yanayochemka kwanza. Mbegu za bustani zilizotiwa dawa zinamaliza kundi zima la Messor.

Tunaulizwa pia kama tuna Messor cephalotes, yule mkubwa mwekundu wa Afrika Mashariki. Hatuna. Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha mwaka, kwa kujaribu kusafirisha malkia hawa kwa magendo. Wawili kati yao, vijana wa Ubelgiji, walikutwa na sisimizi wapatao 5,000 kwenye neli zaidi ya 2,000 zilizozibwa kwa pamba, kama hizi tunazokuuzia. Malkia asiye na kibali cha Kenya hatumpokei, hata muuzaji akisema ni wa "marafiki."

Kama malkia wako alikesha baridi yote hii na sasa hatagi, usimtupe na usimwingize friji leo. Mpe maji ya sukari wiki mbili, wadudu kidogo, kisha mshushe polepole hadi nyuzi 8 kwa wiki sita. Wengine huamka Mei wakataga. Dhamana yetu ni siku 30 tangu kupokea, kwa picha ya malkia ndani ya neli aliyokujia nayo. Malkia aliyekaa juu ya hita hatumbadilishi.