Barua kwa mwanangu: Sarafu zako za Kilwa

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Mwadila, baba. Huku hatujambo, ziwa limetulia na dagaa wamerudi kwenye bei ya kueleweka. Picha za zile sarafu zako mbili nimezipata, nikazikuza kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Moyo wangu umefurahi kuona nawe umeanza kuzipenda. Ila kuna jambo limenikosesha usingizi. Nitalifikia, univumilie nianze na ya hapa nyumbani.

Jana tulikutana wanne kama kawaida, kwa mama wa chai pale karibu na Mwaloni, kila mmoja na kipya chake ndani ya kitambaa. Mwalimu mstaafu alikuwa na kisarafu cha shaba cha Warumi, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, alichokiagiza Uingereza. Ni cha zama za Konstantino, miaka ya 330: askari wawili wamesimama, bendera ya kikosi katikati. Zilipigwa nyingi sana, kwa hiyo hata mwalimu wa pensheni anaimudu. Chini ya miguu ya askari kuna herufi nne, SMAL, na ya tano imelika. Mwalimu akatuambia ni alama ya kiwanda cha Aleksandria, Misri. Nilinyamaza kidogo. Maji haya ninayooshea ndoo zangu yanatoka ziwani kule Jinja, yanakuwa Nile, na mwisho wake ni bahari ile ile ya Aleksandria.

Zamu yangu ilipofika nikaweka mezani heller 20 ya Tabora, sarafu ya enzi za Wajerumani. Unakumbuka nilivyoitafuta? Nimeipata Makoroboi, kwa fundi wa vibatari, ndani ya kopo la ribiti. Alikuwa anaitumia kuwekea chini ya bati asitoboe meza. Ina makovu ya msumari upande mmoja, lakini taji linaonekana, D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani, inaonekana, 1916 inaonekana, na chini kabisa ile T. Nilimlipa bei ya vibatari vitatu na mikono ilikuwa inanitetemeka.

Hiyo T ni Tabora, baba. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza: Waingereza walikuwa wameziba bahari, fedha kutoka Ujerumani haiji, na askari na wapagazi wanataka kulipwa. Basi karakana ya reli ikageuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Walitumia shaba, na shaba ya njano ya maganda ya risasi. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakaipigia rupia 15 yenye tembo; hiyo siiombi, tembo huyo ni wa matajiri. Kazi ilifanywa haraka ndiyo maana hazifanani: kuna taji kubwa na taji dogo, na ncha za herufi L zinatofautiana. Yangu ni ya taji dogo. Julai mwaka huo huo Waingereza wakaingia Mwanza, na Septemba Tabora nayo ikaanguka. Lakini hilo jina la heller halikuondoka na Wajerumani, maana hela unayoniomba kila mwisho wa mwezi ni hiyo hiyo. Walikuja nayo 1904, mia moja kwa rupia. Kabla yake rupia ilikuwa pesa 64.

Sasa sikiliza. Nilimwuliza fundi imetoka wapi. Akasema gunia la vyuma chakavu. Gunia la nani? Hakumbuki, labda Magu, labda Misungwi. Nilikaa kwenye kile kigoda chake karibu saa nzima nikimkumbusha, sikupata kitu. T inaniambia ilikozaliwa, ila zaidi ya miaka mia iliyofuata, ilipita mikononi mwa nani, sitajua kamwe. Ile rupia ya bibi yako yenye Kaisari wa Ujerumani mwenye kofia ya chuma, mwalimu husema tundu limeua bei yake. Ni kweli. Lakini najua ilitobolewa ining'inie shingoni mwa nani, na nimeiandika.

Ndiyo maana zako zimenitia hofu. Unasema umezinunua ufukweni kwa kijana, na umeziosha kwa ndimu mpaka zikang'aa. Ndimu imekula ngozi, baba, ile rangi ya kijani iliyochukua karne kujengeka, na haitarudi. Lakini kubwa si hilo. Sarafu za Kilwa hazina mwaka. Zina jina la sultani upande mmoja na sifa za Mungu upande wa pili, maneno yana vina kama shairi, basi. Umri wake unapatikana kwa kujua ililala wapi, udongo gani, pamoja na vigae gani. Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, na mpaka leo wataalamu wanaumiza vichwa juu yake kwa sababu mahali panajulikana. Zingefika sokoni kwenye mfuko wa nailoni zingekuwa vipande vitano vya shaba.

Tena kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kuchimba bila kibali ni kosa, na Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia tangu 1981. Sitaki mwanangu awe ndiye mnunuzi anayempa kijana sababu ya kurudi na jembe. Kwangu usizilete. Mtafute yule kijana kabla ya mvua, umwombe kwa upole akuonyeshe alipoziokota. Usimtishe, wala usimwambie amekosa. Pima hatua kutoka ukutani au kwenye mti, piga picha, andika, kisha mwende wote wawili ofisi ya mambo ya kale hapo hapo mkazikabidhi, na jina lake liandikwe kuwa ndiye aliyeziona.

Nimempa dereva wa basi kifurushi chako: dagaa wa kukaanga, bahasha ndogo za karatasi (mifuko laini ya plastiki huziharibu sarafu), na daftari. Ukurasa wa kwanza nimekuchorea mistari mwenyewe: siku, mahali, mkono wa nani. Huyo kijana mnunulie soda kwa hela yangu.

Mama yako